Boya la Kuketi na Kambare wa Kipupwe: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Upepo wa kusi unaposhika na asubuhi za Nyanda za Juu Kusini zinapoanza kuuma, watu wengi huahirisha uvuvi wa kujiburudisha hadi joto lirejee. Wachache hawaahirishi. Kipupwe ni msimu wa likizo za shule, maji ya mabwawa mengi yametulia baada ya masika, na kambare haondoki bwawani kwa sababu ya baridi. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya hao wachache, na hasa kwa yule ambaye ameona katika simu yake tangazo la boya la kuketi na sasa anapima kama bei yake inastahili.

Boya la kuketi huuzwa kwa majina mengi: kiti cha kuelea, boya la mvuvi, boti ya mtu mmoja. Kwa maelezo ya wazi, ni mfuko wa mpira unaojazwa upepo, wenye umbo la kiatu cha farasi, uliofunikwa kwa kitambaa kigumu na kushonewa kiti katikati. Mvuvi huketi mapaja yakiwa majini na miguu ikining'inia, kisha hujisukuma kwa mapezi ya mpira aliyoyavaa miguuni, akienda kinyumenyume. Mikono hubaki huru kushika ufito. Chombo hiki kilizaliwa Marekani, na mababu zake ni tyubu za lori ambazo wavuvi wa huko walizifunga kiti cha turubai. Kwa hiyo kijana anayeelea juu ya tyubu ya Fuso katika lambo la kijiji hafanyi jambo geni hata kidogo. Yupo tu pale ambapo wenzake walikuwa kabla ya viwanda kuingilia kati. Tutarudi kwake baadaye, kwa maana anastahili ushauri kama mwingine yeyote.

Pahali pasipofaa kabisa

Tungependa kuanza na ubora wa bidhaa, lakini lipo swali linalotangulia ubora wote: je, katika maji hayo kuna mamba au kiboko?

Mabwawa yetu makubwa yalijengwa juu ya mito mikubwa, na wanyama wa mto huhamia bwawani pamoja na maji. Mtera, lililopo mpakani mwa Iringa na Dodoma, hulishwa na Ruaha Mkuu. Nyumba ya Mungu limezuia maji ya Pangani. Katika maji ya namna hii mvuvi aliyeketi ndani ya boya ameweka nusu ya mwili wake chini ya uso wa maji, haoni kilicho chini yake, na mwendo wake wa kasi zaidi ni polepole kuliko wa mtu anayetembea. Hakuna kitambaa, unene wa mpira wala bei inayobadilisha hali hiyo. Tangazo likionyesha boya la kuketi likielea katika bwawa la umeme chini ya maneno ya kusifu usalama wake, msomaji na alihesabu kuwa ni onyo juu ya muuzaji mwenyewe.

Maji yanayofaa ni malambo na mabwawa madogo ambayo wenyeji wanayafahamu vizuri: mabwawa ya mashamba, malambo ya vijiji, mabwawa ya nyanda za juu ambamo mamba hawafiki. Uliza wenyeji zaidi ya mmoja. Mchunga ng'ombe anayenywesha mifugo hapo kila jioni hujua zaidi kuliko mtu aliyeweka bango la kukodisha boya. Pata pia ruhusa ya mwenye bwawa, na ukumbuke kwamba Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inahusu leseni hata pale ambapo samaki watatu tu ndio watakaokwenda nyumbani. Karibu na ukuta wa bwawa, milango ya maji na mabomba ya kuvutia maji hakuna mtu anayepaswa kuelea, kwa chombo chochote.

Video za Marekani na kambare wetu

Wateja wengi huvutwa na video. Mvuvi wa Texas amevaa koti zito, pumzi inamtoka kama moshi, na anainua kambare mkubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Mnunuzi huona hayo akajiambia kwamba baridi ndiyo msimu wenyewe. Hapo pana kosa la kweli ambalo hugharimu fedha na wakati wa watu.

Samaki wa video hizo mara nyingi ni kambare wa buluu wa Amerika Kaskazini. Ni kweli kwamba huyu hula hata maji yakiwa ya baridi kali, akifuata makundi ya samaki wadogo ambao baridi imewadhoofisha. Mwezi Januari mwaka 2004, katika bwawa la Texoma mpakani mwa Texas na Oklahoma, alivuliwa mmoja wa ratili 121 na nusu, yaani takriban kilo 55, ambaye wakati huo alikuwa rekodi ya dunia. Tungependa msomaji azingatie sehemu moja ya kisa hicho ambayo wauzaji wa maboya hawaisemi: mvuvi yule alikuwa amesimama ukingoni.

Kambare wetu ni wa ukoo mwingine kabisa. Ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya mashavu, hustahimili matope na maji machafu, na huwinda zaidi usiku kwa kutumia sharubu zake nane. Lakini ni samaki wa maji ya joto. Hula kwa bidii maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30, na kadiri yanavyoshuka chini ya nyuzi 20 hamu yake hupungua na mwendo wake huwa mzito. Kwa hiyo ratiba ya Texas haimfai. Wakati wa kipupwe usimtafute alfajiri katikati ya bwawa palipo na kina. Mtafute alasiri, katika hori ndogo zenye maji mafupi ambazo jua limezipasha tangu asubuhi, hasa upande ambao upepo umesukumia maji ya juu yenye joto. Tumia chambo kidogo chenye harufu kali, kama kipande cha utumbo wa kuku au nyungunyungu kadhaa, kikae chini bila kuvutwavutwa, na umpe samaki muda. Kuuma kwake msimu huu ni kama mtu anayegusa mshipi kwa kidole.

Ukizingatia hayo utaona jambo ambalo huenda likakuokolea fedha zote: hori zenye maji mafupi na ya joto mara nyingi hufikika kwa chubwi nzito na mrusho mzuri kutoka nchi kavu. Boya la kuketi lina faida pale tu ambapo matete yamezingira ukingo, au miteremko ya bwawa ina matope yasiyokanyagika. Kama bwawa lako lina ukingo safi, nunua ufito mrefu zaidi, na usome sehemu zilizobaki za somo hili kwa ajili ya jirani.

Ukaguzi dukani na nyumbani

Kwa anayelihitaji kweli, ukaguzi unaanza na idadi ya vyumba vya hewa. Boya linalofaa lina angalau vyumba viwili vilivyotengana kabisa, kila kimoja na vali yake, ili kimoja kikipasuka kingine kiendelee kumbeba mtu. Muuzaji akikuambia kuwa lina vyumba viwili, usiridhike na maneno. Jaza vyote, kisha fungua vali ya kimoja na utazame kama kingine kinabaki kigumu. Baadhi ya maboya yana vali mbili zinazoingia katika mfuko mmoja, na kwa macho huwezi kuyatofautisha na yale ya kweli.

Jambo la pili ni uzito, na hapa wanunuzi wengi hukosea hesabu kwa sababu hujipima wao wenyewe tu. Tuchukue mtu wa kilo 82. Nguo nzito za baridi na ovaroli ya mpira isiyopitisha maji ni kilo 6, mapezi ya miguuni kilo 2, ufito, sanduku la ndoana, maji ya kunywa na chakula kilo 5, na samaki anaowatarajia kilo 4. Jumla ni kilo 99. Lebo ya boya inasema mwisho ni kilo 110, naye anaona amebakiwa na nafasi. Ushauri wa ofisi yetu ni kwamba mzigo wote usizidi robo tatu ya uzito ulioandikwa, kwa sababu uzito ule hupimwa kwa boya jipya lililojazwa sawasawa, na hakuna anayevua siku zote kwa boya jipya lililojazwa sawasawa. Robo tatu ya 110 ni kilo 82 na nusu. Mtu huyu anahitaji boya lililoandikwa kilo 132 au zaidi. Kama lebo haipo, au imeandikwa uzito bila jina la mtengenezaji, rudisha boya rafuni.

Kisha mishono na vali. Peleka boya nyumbani, lijaze jioni, uchanganye sabuni ya unga na maji kidogo, na upake povu hilo kwa brashi kuzunguka kila vali na kila kiungio. Tundu dogo kuliko ncha ya sindano litapuliza mapovu. Baada ya hapo liache lilale chumbani, mahali ambapo joto halibadiliki sana, na ulibonyeze asubuhi. Fanya hivyo kabla ya kulipeleka majini hata mara moja, maana boya lililokwisha kuingia majini ni vigumu kulirudisha kwa muuzaji.

Mwandishi wa somo hili ana sababu ya kulisisitiza hilo. Miaka miwili iliyopita nilimnunulia mzee wangu boya la aina hii kupitia mtandao, nikalipa kabla ya kuliona. Lilipofika lilipendeza sana: rangi ya majani, mifuko minne, mahali pa kuwekea ufito. Mzee alitaka tulijaribu siku hiyo hiyo. Kilichotuzuia ni giza tu, wala si busara yangu. Asubuhi tulilikuta limelala sakafuni kama ngozi ya mbuzi. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alisema tumelijaza kupita kiasi. Tulikuwa na picha ya lebo, risiti, na video fupi ya mapovu yakitoka kwenye mshono ambao mtu hawezi kuuharibu kwa pampu ya mkono, na baada ya wiki tatu za barua alirudisha fedha, isipokuwa nauli ya mzigo. Mzee huniuliza mpaka leo kwa nini sikununua ng'ombe.

Joto la hewa nalo lina hila yake. Boya likijazwa saa nane mchana kwenye nyuzi 35, kisha likatiwa katika maji ya nyuzi 15, hewa iliyomo hunywea kwa kiasi cha asilimia 6 hadi 7. Kwa gurudumu la gari hilo si kitu. Kwa boya ambalo limekazwa kidogo tu, tofauti hiyo inatosha kulifanya lilegee waziwazi, likukunje katikati na kukushusha majini vidole kadhaa. Mtu hudhani limetoboka na kuanza kuhangaika. Njia iliyo sawa ni kulijaza kiasi, kuliweka majini dakika 10 likiwa tupu, kulitoa na kuliongeza upepo, ndipo uketi. Unapotoka majini fanya kinyume chake: punguza upepo kabla ya kulianika, kwani jua la mchana hupasua mishono ambayo baridi haikuweza kuidhuru.

Sasa kuhusu tyubu ya lori. Ofisi yetu haiwezi kumwambia mtu anayevua kwa ajili ya mboga ya watoto kwamba asubiri hadi apate boya la kiwandani. Lakini na ajue tofauti. Tyubu ni chumba kimoja tu; ikipasuka imekwisha. Kijiti cha vali ni cha chuma na huchana ngozi na nguo, basi kifungwe kwa kitambaa na kielekezwe nje. Viraka vya fundi pancha vimekusudiwa kubanwa na tairi kwa nje, na bila tairi kiraka huweza kung'oka ghafla. Hatari kubwa kuliko zote ni kamba: wengine hujifunga mapaja kwenye tyubu ili wasiteleze, na tyubu ikipinduka kichwa hubaki chini na miguu juu. Usijifunge kamwe. Kiti kiwe cha kamba pana zilizolegea, ambazo mtu anaweza kuchomoka kwa kuinua mikono tu.

Jaketi la uokozi ni bidhaa nyingine

Kwenye maboya mengi, pembeni, kwa maandishi madogo ya Kiingereza, huandikwa kwamba chombo hiki si kifaa cha kuokolea maisha. Mtengenezaji amesema kweli, na mnunuzi anapaswa kumwamini. Boya hukubeba ukiwa umeketi. Likipinduka, au ukichomoka, halina wajibu tena nawe. Jaketi la uokozi huvaliwa mwilini, na bei yake ihesabiwe pamoja na bei ya boya tangu siku ya kwanza.

Majaketi hupimwa kwa nguvu ya kuinua, na kipimo chake ni nyutoni. Kiwango cha kimataifa cha ISO 12402 kina madaraja manne ambayo mnunuzi anaweza kuyatafuta kwenye lebo: 50, 100, 150 na 275. Nyutoni 10 ni sawa na kuinua takriban kilo 1. Jaketi la 50 humsaidia mtu anayejua kuogelea, aliye macho, na ambaye msaada uko karibu. Halijatengenezwa kumgeuza aliyezimia ili uso wake utazame juu. La 100 hutosha maji yaliyotulia, nalo limekusudiwa kumgeuza mtu, ingawa nguo nzito huweza kulizuia. La 150 ndilo tunalolishauri kwa mtu aliyevaa makoti na ovaroli ya mpira. La 275 ni kwa bahari kuu na mizigo mizito, na katika lambo litakuwa kero tu. Asiyejua kuogelea asinunue la 50, hata kama ndilo linalolingana na rangi ya boya.

Yapo majaketi membamba yanayojijaza kwa mtungi mdogo wa gesi. Ni mepesi na wavuvi huyapenda, lakini mtungi ukishatumika, au ukishika kutu, au ukiwa haukukazwa barabara, umevaa kitambaa tu. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza sponji ni salama zaidi. Libonyeze kwa nguvu: sponji nzuri hurudi upesi mahali pake, iliyochoka hubaki na alama ya vidole. Mtu mwingine akuvute juu kwa kushika mabega ya jaketi ulilolivaa. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwako. Tafuta pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, na ujihadhari na lebo zilizochapwa juu ya kitambaa bila jina wala namba ya toleo.

Baridi yenyewe

Asubuhi ya Julai huko Mufindi au Makete joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na siku nyingine sakitu huonekana juu ya majani ya Kitulo. Maji ya bwawa hayashuki kiasi hicho, na hapo ndipo udanganyifu ulipo: mkono ukiyagusa huyaona ya uvuguvugu kuliko hewa. Lakini maji huuondolea mwili joto takriban mara 25 kuliko hewa ya joto hilo hilo, na mvuvi wa boya ameyaweka mapaja yake ndani yake kwa saa tatu, akiwa ameketi bila kutembea.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe katika maji ya barafu ili kuyachunguza haya, alieneza kanuni ambayo hukumbukwa kwa tarakimu 1, 10, 1. Mtu akianguka katika maji ya baridi kali ana dakika 1 ya kuituliza pumzi yake, dakika 10 ambamo vidole na mikono bado vinamtii, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Maji yetu si ya barafu, kwa hiyo tarakimu mbili za mwisho hurefuka. Ile ya kwanza haihitaji barafu. Katika maji ya nyuzi 15 mwili ulioanguka ghafla huvuta pumzi moja kubwa bila kuagizwa, kisha hupumua mbio usiweze kujizuia. Pumzi hiyo ya kwanza ikivutwa kichwa kikiwa chini, mtu amekunywa maji hata kama anajua kuogelea. Jaketi lililovaliwa huuweka uso juu katika dakika hiyo. Jaketi lililofungwa nyuma ya kiti halifanyi hivyo.

Ukianguka, usiogelee mara moja. Elea, shika boya, acha pumzi irudi, ndipo uamue. Na ovaroli ya mpira haikuvuti chini kama inavyosemwa. Maji yaliyomo ndani yake hayana uzito yakiwa ndani ya maji mengine. Taabu huja unapojaribu kupanda ukingoni, na ndiyo sababu mkanda wa kiunoni ufungwe juu ya ovaroli, ili maji yanayoingia yawe machache. Ovaroli inayouzwa bila mkanda haijakamilika. Dai mkanda, au punguza bei.

Ndani yake vaa sufu au kitambaa cha nailoni, usivae pamba wala dangirizi, kwa kuwa pamba iliyolowa haihifadhi joto. Toka majini kila baada ya saa moja utembee. Ukianza kutetemeka, siku imekwisha. Vidole vikishindwa kufunga fundo la ndoana, ulikuwa umechelewa kutoka. Mwenzako akianza kusema maneno mazito kama mlevi, mtoe, mvue nguo zilizolowa, mfunike kavu, umpe chai tamu ya uvuguvugu kama anaweza kumeza, na umpeleke kituo cha afya. Usimsugue miguu na mikono. Usimpe pombe kali: hufungua mishipa ya ngozi, akajisikia ana joto huku joto la ndani likizidi kumtoka.

Upepo, na samaki mwenyewe

Kusi hukaza mchana. Kabla ya kuingia, simama ukingoni uone unavuma kuelekea wapi, kisha anzia upande ule unakovumia, ujisukume dhidi yake ungali na nguvu, ili ukichoka ukurudishe ulikotoka. Ukipiga mapezi dakika tano na mti ulio ukingoni haujasogea, rudi.

Kambare akikubali chambo, lipo jambo ambalo ufundi wa kiwanda haujalimaliza. Kila pezi la ubavuni mwake lina mwiba mgumu wenye meno, naye huukaza anaposhikwa. Mwiba huo hutoboa kiganja, na hutoboa boya. Usimpandishe mapajani kama wanavyofanya katika video. Mchoshe kwanza, mwingize katika wavu wa mkono wenye mpini mrefu, umweke mbali na mpira, kisha ujisukume naye hadi ukingoni ndipo umtoe ndoana kwa koleo, ukiwa umesimama juu ya miguu yako. Kambare haishiwi nguvu akitolewa majini kama sato. Anapumua hewa, na atakungoja upumbae. Kisu, mkasi na ndoana za akiba vikae ndani ya kasha lenye mfuniko mgumu, visiwekwe mifukoni mwa boya.

Bidhaa ikikukosea

Tunza risiti ya mashine, picha ya lebo, picha ya tangazo lenye ahadi ya muuzaji, na mazungumzo yote ya simu yaliyoandikwa. Piga picha ya tangazo siku ile unayolipa, kwa sababu matangazo ya mtandaoni hubadilishwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na muuzaji aliyekuahidi vyumba viwili akakuletea kimoja amekupotosha, hata kama ulisahau kuuliza. Mwandikie kwanza yeye, kwa maneno machache, ukitaja kasoro, tarehe ya kununua, na unachotaka: kurudishiwa fedha, kubadilishiwa, au kutengenezewa. Mpe siku za kujibu. Asipojibu, malalamiko ya udanganyifu na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, na ya ubora hupelekwa Shirika la Viwango.

Usilitupe boya lililoharibika, wala usimpe fundi alizibe kabla shauri halijaisha. Likunje likiwa kavu, liweke juu ya kabati mahali ambapo panya hawafiki, na uandike kwa kalamu juu ya mfuko wake siku lilipoanza kuvuja.